Mnakwenda Mahali Pazuri Mwaka Huu?

Maneno ya kwanza tuliyoambiwa na jirani yetu hapa Leeds yalikuwa haya: "Leo si haba, eh? Angalau hainyeshi."

Ilikuwa Septemba, siku ya tatu tangu tuhamie. Tulikuwa watano mlangoni, tukibishana juu ya mapipa ya taka, lipi la kutolewa wiki hii, jeusi au la kijani. Yeye alisimama mlangoni kwake, bibi wa miaka sabini na kitu, kikombe cha chai mkononi. Tulingoja aendelee. Tulidhani sasa atauliza tumetoka wapi, tumelalaje, wazee hawajambo. Hakuuliza. Alitazama mawingu mara moja tena, akatikisa kichwa kana kwamba amekubaliana nayo, akaingia ndani.

"Hata salamu hana," alisema mwenzetu wa Mombasa.

Makala haya tunayaandika ili tumwombe radhi. Salamu alikuwa ametupa. Sisi ndio hatukuipokea.

Nyumba yetu iko Hyde Park, na hii si ile ya London. Ni mtaa wa wanafunzi, nyumba za matofali mekundu zimeshikana kuta kwa kuta toka mwanzo wa barabara hadi mwisho. Tulikuwa wawili wa Dar es Salaam, mmoja wa Tanga, mmoja wa Mombasa, na mmoja wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake tulikicheka mwezi wa kwanza na kukiiga mwezi wa pili. Jirani alituambia tumwite kwa jina lake la kwanza, kavu, kama rika lake. Hatukuweza. Mtu mwenye umri wa bibi zetu humwiti hivyo. Tukamwita Bi Jirani, tukamweleza maana yake, naye akalipenda jina.

Kwetu salamu ni kazi. Ukikutana na jirani asubuhi utaanza na hujambo, utapita kwenye habari za nyumbani, za watoto, za tangu jana, na kama kuna mgonjwa ataulizwa kwa jina. Majibu karibu yote ni "nzuri" au "njema", hata kama paa limeezuliwa usiku. Ukweli hufuata nyuma: "Nzuri, ila..." Hatukuwahi kujiuliza mgeni anafikiri nini akiwasikia watu wawili wakiambiana "nzuri" mara saba mfululizo.

Waingereza nao wana mfuatano wao, ila penye watoto na nyumba wameweka mawingu na upepo. Samuel Johnson, mtunga kamusi, alikwisha kuandika juu ya tabia hiyo mwaka 1758. Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake Watching the English cha mwaka 2004, ameanza na sura nzima ya hali ya hewa. Mwalimu wetu mmoja alituazima kitabu hicho Novemba, baada ya kuchoka kutusikia tukilalamika kwamba Waingereza hawasalimii. Hoja ya mwandishi, kwa ufupi, ni kwamba mazungumzo hayo hayahusu hali ya hewa. Ni njia ya watu wenye haya kufunguliana mlango. Na yana sharti lake: ukiambiwa kuna baridi, kubali kwamba kuna baridi.

Sharti hilo tulikuwa tumelivunja tayari. Siku moja Bi Jirani alimwambia mwenzetu wa Mombasa, "Baridi leo, eh?" Kijana wetu, mtu mkweli, akatoa simu mfukoni, akaitazama, akasema, "Hapana, ni nyuzi 11. Jana ndiyo ilikuwa 8." Bi Jirani alibaki ameduwaa, kama mtu aliyepiga hodi akajibiwa "sitaki". Baada ya kukisoma kitabu tulimfunza mwenzetu cha kujibu. Sema "baridi kweli", na kama moyo wako unakataa kusema uongo, ongeza, "ila mimi sijaihisi sana."

Mwanzoni tulidhani wanazungumzia hali ya hewa kwa kukosa la kuzungumza. Tuliishi mwaka mzima hapa ndipo tukaona kwamba na hali ya hewa yenyewe ina mambo. Sisi wa pwani tuna pepo kubwa mbili. Kaskazi huvuma kiasi cha Desemba hadi Machi, kusi hushika Aprili na kuendelea hadi Septemba. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalifuata ratiba hiyo kwa karne nyingi, kuja na kaskazi na kurudi na kusi. Masika huja, mchoo hupita, vuli hufuata. Upepo ukishageuka umegeuka, huna haja ya kumwarifu jirani kila asubuhi. Uingereza imekaa mahali ambapo hewa ya Atlantiki, hewa ya ncha ya kaskazini na hewa ya bara la Ulaya hugombea nafasi, na mkondo wa upepo ulio juu sana angani ukisogea kidogo tu, siku nzima hubadilika. Tumewahi kutoka nyumbani na jua, tukapigwa na mvua ya mawe kabla ya kufika maktaba, tukatoka maktaba kwenye jua tena. Methali yetu kwamba dalili ya mvua ni mawingu hapa haina kazi. Mawingu ya Leeds si dalili ya kitu. Ndiyo anga yenyewe.

Saa yetu nayo ilituvunjikia mikononi. Saa ya Kiswahili huhesabu tangu kuche. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na saa kumi na mbili jioni jua linatua. Karibu na ikweta haikosei sana mwaka mzima. Hapa, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua saa kumi kasorobo alasiri, na mwishoni mwa Juni huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kutua saa tatu na dakika 40, saa ambayo kwa lugha yetu ni usiku. Mama wa mmoja wetu alipiga simu Juni akaona dirishani mwanga mweupe. "Si umesema ni saa tatu usiku?" Tukamgeuzia kamera alione jua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hao wana haki ya kulisema."

Ukuta wa chumba cha mwenzetu wa Tanga ndio ukuta wa chumba cha Bi Jirani. Kuelekea saa saba usiku alikuwa akisikia sauti ya redio ikisoma majina polepole, bila haraka na bila huzuni: Tyne, Dogger, Fisher, German Bight, Humber. Alituambia ni kama kulala karibu na mtu anayevuta uradi. Tulikuja kujua kuwa ni taarifa ya hali ya hewa kwa vyombo vya baharini, inayosomwa na Radio 4 ya BBC. Leeds haina bahari na Bi Jirani hana hata ngalawa. Tulimuuliza, basi, ya nini? Alisema inamsaidia kulala. "Napenda kujua kuna mtu anawafikiria walioko huko nje."

Nyuma ya taarifa hiyo kuna maiti. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1854 chini ya Robert FitzRoy, nahodha wa zamani wa meli ya Beagle, ile iliyomchukua Charles Darwin. Oktoba 1859 meli iitwayo Royal Charter, ikitoka Australia, ilivunjwa na tufani pwani ya Anglesey, Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa wakiwa wamekaribia kabisa kufika kwao. FitzRoy akaanzisha maonyo ya tufani yaliyopelekwa bandarini kwa simu za waya, na mwaka 1861 gazeti la Times likaanza kuchapisha utabiri wake. Ulipokosea alichekwa sana. Mwaka 1865 alijiua. Tangu 2002 eneo moja la bahari linalotajwa katika taarifa ile ya usiku linaitwa kwa jina lake. Baada ya kuyajua hayo hatukuweza tena kusema kwamba hawa ni watu wanaozungumzia mvua kwa kukosa habari.

Kulikuwa na jambo la pili lililotushinda, nalo ni likizo.

Krismasi ilipita. Tarehe 26 ilipita, ile Boxing Day ambayo sisi wa Tanzania tuliirithi ikiwa sikukuu ya taifa bila kujua ni boksi gani linalozungumziwa. Mara runinga ikajaa bahari ya buluu. Nje giza linaingia saa kumi, ndani mwanamke anatembea mchangani na kofia pana, na bei imeandikwa chini. Watu wakaanza kuulizana, kwenye foleni, kwenye basi, na kwa kinyozi hasa: "Unakwenda mahali pazuri mwaka huu?" Ni Januari, nao wanapanga Agosti.

Kinyozi alipotuuliza tulimjibu, "Nyumbani, Mungu akipenda."

"Vizuri sana! Jua la kutosha!"

Tungemweleza vipi? Kwenda nyumbani ni mabegi mawili ya kilo 23 yanayopimwa mara nne usiku kabla ya safari. Ni orodha: viatu vya mpwa, vitamini za mama, simu ya kaka, marashi ya shangazi ambaye asipopata atasema umebadilika. Mkono mtupu haulambwi. Ukifika kuna misiba ya mwaka mzima ya kwenda kuhani, wagonjwa wa kuwajulia hali, na watu wa kuwaeleza kwa upole kwamba Uingereza pesa haziokotwi. Wewe unarudi umechoka kuliko ulivyokwenda. Mmoja wetu alilipanga vizuri: Mwingereza huenda likizo mahali asipojulikana, sisi huenda mahali tunapojulikana mno. Tulicheka, tukadhani tumemaliza mada. Tutarudi kwenye kauli hiyo, maana haikuwa sahihi yote.

Bi Jirani aliposikia tunatoka Afrika Mashariki aliuliza kama tumewahi kwenda safari. Swali lile lilituchanganya. Safari kwetu ni kutoka Dar kwenda Morogoro kuoza binamu. Waingereza walilichukua neno hilo kutoka kwetu katika karne ya kumi na tisa, wakalipeleka kwao, likarudi limevaa kofia na darubini na halijui tena maana yoyote ila simba. Kati yetu watano hakuna aliyewahi kumwona simba. Bi Jirani alisikitika kwa ajili yetu.

Mwenzetu wa Mombasa ndiye aliyekuwa na ujuzi wa Waingereza kabla ya kufika. Baba yake alihudumu mezani katika hoteli ya Diani miaka mingi. Utotoni aliwaona wageni wamelala kwenye jua la saa sita, saa ambayo hata mbwa wa Diani wako kivulini, wanageuka wekundu, wanapakwa mafuta, wanarudi juani. Alikua akiamini kwamba ni watu wasiojua kujitunza. Novemba yake ya kwanza hapa, baada ya siku 9 bila jua, alikaa dirishani na koti na blanketi, akasema, "Sasa nimewaelewa. Mimi ningelala pale pale mpaka kuche." Wiki hiyo tulikwenda wote kununua vidonge vya vitamini D. Wataalamu wa afya hapa wanashauri mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tufikirie kuvimeza mwaka mzima. Wageni wapya, hilo msilipuuze.

Likizo yenyewe Waingereza wa kawaida hawakuzaliwa nayo. Walipewa kidogo kidogo. Mwaka 1841 Thomas Cook aliwasafirisha kwa treni watu kiasi cha 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, nauli shilingi moja, kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Biashara ya utalii ilianzia hapo, kwa watu waliokwenda kukubaliana kutokunywa. Mwaka 1871 sheria iliyosukumwa na Sir John Lubbock ikaweka sikukuu za benki, na leo Uingereza ina 8. Sheria ya mwaka 1938 ikawafungulia mamilioni ya wafanyakazi njia ya kupata wiki moja ya likizo yenye malipo. Mwaka 1950 Vladimir Raitz akawapeleka watalii wa kwanza wa bei nafuu kwa ndege hadi kisiwa cha Corsica, walale kwenye mahema. Hispania ikafuata. Siku hizi mfanyakazi wa kudumu ana haki ya siku 28 kwa mwaka, na mwajiri anaweza kuzihesabu sikukuu humo humo. Mtu anayehesabu siku zake 28 kama mchele wa mwisho wa mwezi hatutakiwi kumcheka, na Januari ndipo anapozihesabu.

Januari hiyo hiyo, Alhamisi alfajiri, simu ililia kutoka Tanga.

Baba wa mwenzetu alikuwa amefariki usiku, na angezikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Hata ndege ingekuwa inamngoja mlangoni asingewahi. Lakini hata arobaini asingeweza kuiwahi. Alikuwa amemaliza shahada ya uzamili, ameomba viza ya kubaki na kufanya kazi, na jibu lilikuwa halijatoka. Kanuni ni kwamba ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, umeifuta mwenyewe. Ada yake ya masomo ilitokana kwa sehemu na shamba la michungwa la Muheza, ambalo marehemu aliliuza. Mama yake ndiye aliyeamua, kwa simu, sauti imemkauka: "Baki. Baba yako hakuuza michungwa ili urudi kabla hujavuna."

Tulisoma hitima sebuleni kwetu Jumamosi. Walikuja wanachama wa klabu, walikuja wengine kutoka Bradford na Sheffield, na walimu wetu wawili walikuja wakaketi chini nasi. Wanachama wenzetu mliochanga, mnajijua, tunawashukuru tena hapa. Sebule ilijaa hadi ngazini. Viatu vilipangwa nje mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi, na theluji ikavifunika. Hakuna aliyekwenda kumweleza Bi Jirani. Tulisahau kabisa kwamba yupo.

Jumapili asubuhi mwenzetu alitoka na pipa la taka. Bi Jirani akatoka pia, ndara za ndani miguuni kwenye theluji. Sisi wengine tulikuwa dirishani.

"Inauma leo," alisema.

"Inauma kweli," mwenzetu akajibu. Sharti alikuwa amelijua.

"Na haionyeshi kupungua."

"Haionyeshi."

Bi Jirani akatazama barabara. "Mwaka aliofariki mume wangu ilikuwa hivi hivi. Barafu hadi Machi."

Mwenzetu hakujibu. Walisimama pale, kila mtu ameshika pipa lake, kwa muda ambao sisi dirishani tuliuona mrefu sana. Walizungumza tena kidogo juu ya upepo, unatokea upande gani. Kisha kila mmoja akaingia kwake.

Alipofika sebuleni mwenzetu alikaa, akasema, "Amenipa pole."

"Amezungumzia barafu," alisema wa Lubumbashi.

"Najua alichozungumzia. Amenipa pole."

Jioni tulikuta sufuria ya supu ya dengu kizingitini, bado ya moto, na karatasi juu ya kifuniko: Haina nyama. Alikuwa amefikiria hadi hapo.

Usiku huo hatukulala mapema. Kilichotukera ni kwamba tulikuwa tumekaa karibu na mama huyu miezi minne, ukuta mmoja, na hatukujua kuwa ni mjane. Sisi tunaojisifu kwa kuuliza habari hatukuwahi kumuuliza habari. Tulikuwa tunamngoja aanze kwa namna ya kwetu, naye kila asubuhi alikuwa ameanza kwa namna ya kwake. Wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Sisi tuliuongeza umaskini wetu kwa mikono yetu.

Viza ya mwenzetu ilitoka Machi. Akapata kazi ghalani, na kazi mpya ina likizo yake ya kungojea. Mama yake alikaa eda miezi minne na siku 10, akatoka eda, mwana bado yuko Leeds anapanga maboksi.

Jumatatu ya mwisho ya Agosti, sikukuu ya benki, tulimwalika Bi Jirani twende naye Scarborough. Kutoka Leeds treni ni moja tu, kupitia York, kiasi cha saa moja na robo. Tulifika na mvua. Pwani ya kusini ina mchanga mzuri na punda wa kubeba watoto, na punda walikuwepo, wamelowa. Juu ya kilima kuna Grand Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1867, ambayo wajenzi wake waliijenga kama kalenda: minara 4 kwa majira, ghorofa 12 kwa miezi, mabomba ya moshi 52 kwa wiki na vyumba 365 kwa siku. Watu wenye hali ya hewa isiyotabirika wakaamua angalau hesabu ya siku isiwapotee.

Tulitaka kugeuza tuondoke. Bi Jirani alishangaa. Alifungua mfuko, akatoa kitambaa cha kukinga upepo chenye vijiti, chupa ya chai, mikate iliyofungwa kwenye karatasi, na mto mdogo wa kukalia. Akatupeleka kwenye banda la ufukweni lenye mabenchi, tukakaa sita mstari mmoja tukiitazama mvua inavyoingia baharini. Kando yetu magari yalikuwa yameegeshwa yakielekea majini, watu ndani wanakunywa chai, vifuta vioo vinakwenda na kurudi. Tulimuuliza wanafanya nini. "Wamekuja kuiona bahari," alisema. "Si wanaiona?" Mwenzetu wa Mombasa alivua viatu akaenda kutia mguu mmoja. Kelele alizopiga ziliwarusha shakwe.

Hapo ndipo Bi Jirani alipotueleza habari za baba yake. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo za sufu. Zamani, katika miji ya viwanda ya Yorkshire na Lancashire, mji mzima ulifunga viwanda wiki moja, na watu walikwenda baharini pamoja: Scarborough, Blackpool, Morecambe. Mtaa wao ulikuja hapa. Waliokaa nyumba za jirani huko kwao walikaa vyumba vya jirani huku. Aliyekosa pesa mwaka huo alichangiwa au alikopeshwa. "Ilikuwa mtaa wetu ule ule," alisema, "ila na bahari." Kisha viwanda vikafungwa, ndege zikawa rahisi, na kila nyumba ikaenda kwake. Yeye na mumewe walikwenda Hispania mara nyingi. Jua lilikuwa zuri. Hawakumjua mtu.

Tukatazamana. Kauli yetu ya Januari, kwamba hawa huenda wasikojulikana na sisi tunakojulikana, ilikuwa kweli ya juzi tu. Baba wa Bi Jirani angeelewa mabegi yetu ya kilo 23.

Septemba mwenzetu alipata wiki mbili za likizo. Ghalani waliuliza kama wanavyouliza wote: unakwenda mahali pazuri? Alisema Tanga. Kuna bahari? Ipo. Wakamwonea wivu, nao hawakuwa na ubaya. Hakuwaeleza zaidi, maana ilikuwa zamu na mkanda wa maboksi hausimami. Likizo yake ya kwanza yenye malipo aliitumia kukaa mkekani na mama yake, na kwenda Muheza kuzuru kaburi lililokwisha kuota nyasi.

Asubuhi ya kuondoka Bi Jirani alikuwa mlangoni na kikombe chake. Yeye alijua safari ile ni ya nini. Aliyatazama mabegi, akatazama mbingu.

"Natumai utaipata hali ya hewa njema," alisema.

"Amin," alijibu mwenzetu. Akamwinamia kidogo, kama tunavyowaaga wazee.

Wageni mnaojiunga na klabu mwaka huu, tunawaachia haya machache. Nunueni koti lenye kofia, si mwavuli. Upepo wa Leeds hauwezi mwavuli. Mkiambiwa kuna baridi, kubalini. Kisha msiishie hapo, maana salamu yao, kama yetu, ni kizingiti, na anayesimama kizingitini anangoja karibu. Kikao cha kwanza cha klabu ni wiki ya pili ya muhula. Pengine itanyesha. Njooni hivyo hivyo, na kama mna jirani mzee, njooni naye.